Mpini Laini, Mpini Unaoteleza

Habari za jioni, wenzangu. Nitazungumza nikiwa nimeshika kisu, ila walio mbele msirudishe viti nyuma. Makali nimeyafunga kwa utepe tangu asubuhi, na hilo ndilo jambo la kwanza la kujifunza leo. Anayeshughulikia mpini bila kufunga makali atajikata, tena atajikata akiwa anawaza jambo lingine kabisa.

Kisu hiki ni cha aina isiyokunjwa. Chuma cha bapa kinaendelea nyuma mpaka mwisho wa mpini, na sehemu hiyo ya nyuma nitaiita mkia. Kila upande wa mkia umepachikwa kibao, na vibao vimeshikwa kwa gundi na pini, vingine kwa skrubu. Vibao vyenyewe si mti wala pembe, ni vya kiwandani. Leo nitasema jinsi ya kuvichonga na kuvisugua vya aina mbili tu, Micarta na G10, kwa sababu ndizo zilizonichosha mikono.

Micarta ni tabaka za kitambaa au karatasi zilizoloweshwa resini ya fenoli, yaani utomvu wa kiwandani unaogeuka mgumu, kisha zikashindiliwa kwa joto na nguvu mpaka zikawa ubao mmoja. Resini hiyo ni ya jamii ile aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907, na miaka michache baadaye kampuni ya Westinghouse ya Marekani ikaanza kutengeneza Micarta. Visu havikuwa akilini mwao. Walitaka kitu cha kuzuia umeme. G10 nayo imejengwa hivyo hivyo, isipokuwa kitambaa chake ni cha nyuzi za kioo na resini yake ni epoksi. Ule ubao wa kijani ndani ya kompyuta ni binamu yake.

Nimetaja tabaka kwa sababu zitawasaidia. Ukichonga kibao kwa mviringo, tabaka hujitokeza kama mistari ya vilima kwenye ramani. Geuza kisu uitazame pande zote mbili. Mistari ikiwa minne huku na sita kule, umekula upande mmoja kuliko mwingine, hata kama jicho limekwambia viko sawa.

Kabla ya kushika msasa, vumbi. Vumbi la G10 ni kioo na epoksi. Siku ya kwanza nililikata nikiwa na fulana ya mikono mifupi, na usiku kucha nilijikuna viwiko kama mtu aliyelala kwenye upupu. Ngozi ilipona, lakini mapafu hayana kucha za kujikunia. Vaa barakoa ya kuzuia vumbi inayobana vizuri usoni, maana kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Vaa miwani. Na kila inapowezekana sugua kwa maji, ili vumbi libaki kuwa tope. Tope hilo lifute likiwa bado bichi. Likikauka linarudi kuwa vumbi.

Sasa kazi. Wengi huanzia nje, kwenye umbo, kwa sababu ndiko kunakoonekana. Mimi huanzia ndani, kwenye uso ambao baada ya gundi hautaonekana tena. Chukua kipande cha kioo kinene, bandika juu yake msasa namba 120; namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi. Uso wa ndani wa kibao uchore mistari ya penseli kila mahali, kisha usugue polepole kwa duara, vidole vikikandamiza katikati. Ukikandamiza pembeni, kingo zinajikunja, na ukishagundisha utabaki na ufa mweusi kati ya chuma na kibao ambao hakuna dawa yake. Penseli ikifutika kote kwa pamoja, uso umenyooka. Ikibaki katikati, kuna bonde, endelea. Mkia wa chuma nao usiuamini. Moto wa kukomaza chuma huupinda kidogo, kwa hiyo nao upitishe kwenye kioo. Mwisho viweke pamoja bila gundi na uvielekeze kwenye taa. Mwanga ukipenya, rudi kwenye kioo.

Ncha za mbele za vibao, zile zinazotazama bapa, zimalizeni kabisa kabla ya gundi. Viunganisheni vibao viwili kwa pini, vikiwa havina kisu katikati, mzichonge ncha zote kama kitu kimoja na kuzisugua mpaka msasa wa mwisho. Kisu changu cha pili nilikigundisha kwanza, nikasema ncha nitazisugua baadaye. Msasa ukachora bapa lililokuwa limeng'arishwa. Nikang'arisha bapa, nikagusa kibao. Nikarekebisha kibao, nikachora bapa. Mchezo huo ulinichukua siku tatu.

Gundi ni epoksi ya kukauka taratibu, ile ya kuachwa saa 24, si ya dakika tano. Nyuso zinazokutana ziwe na mikwaruzo, zipanguswe kwa asetoni, na zisiguswe tena kwa vidole. Klampu, yaani vibano vya kushikilia vibao, kaza kwa kiasi. Ukikaza kwa hasira, gundi yote inakimbilia nje na kiungo kinabaki na njaa. Inayovuja kwenye bapa ifute palepale kwa kitambaa chenye asetoni kidogo. Kesho itakuwa jiwe.

Baada ya hapo ndipo umbo. Anza na tupa, kisha kata ukanda wa msasa wa kitambaa, upana wa vidole viwili. Kisu kikibanwa kwenye jiliwa, uvute ukanda huku na huku juu ya mpini kama mng'arisha viatu anavyovuta kitambaa. Njia hii inatoa mviringo ambao mashine hainipi. Ila ina mtego: chuma ni kigumu kuliko kibao. Msasa uliokunjwa juu ya kidole hula kibao na kukiacha chuma, na mgongoni mwa mpini unabaki na ukingo unaokata kiganja. Kwa hiyo mgongo na tumbo la mpini visugue kwa msasa uliozungushiwa kipande kigumu cha mti. Pini pia ni hivyo hivyo. Na anayetumia mashine ya mkanda aguse pini mara kwa mara kwa kidole. Ikiwa ya moto kiasi cha kutogusika, aache ipoe, kwa sababu pini hubeba joto hadi ndani kwenye gundi, na epoksi hulegea kwa joto.

Utajuaje umefika? Tumia kisu robo saa, chonga kijiti, kisha fungua kiganja. Palipo pekundu ndipo pa kurudi na msasa.

Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu. Umbo likishakuwa laini, wengi huendelea 600, 1000, 2000, mpaka mpini unang'aa kama chupa. Mimi huishia 400, na Micarta ya turubai huiacha hata 220. Ulaini wa umbo na ulaini wa ngozi ni vitu viwili. Mpini usio na pembe lakini wenye mkwaruzo mdogo unashikika hata mkono ukiwa na maji. Uliong'arishwa kupita kiasi unapendeza kwenye picha, kisha unakuponyoka. Mafuta kidogo yataikoleza rangi Micarta, G10 haiyanywi.

Naona mkono kule nyuma. Swali ni kuhusu kisu cha dukani chenye vibao vya skrubu ambavyo vimezidi chuma: avitoe ili avisugue? Hapana, visugue vikiwa vimefungwa mahali pake, ili vifuatane na chuma. Makali na bapa vifunge utepe tabaka mbili. Ila uso wa nje, pale penye skrubu, usiuteremshe sana. Pima kwanza kichwa cha skrubu kimezama kiasi gani. Ukipitiliza, kichwa kitatokeza na kukukwaruza kuliko kibao kilivyokuwa kikikukwaruza mwanzo.

Haya, kisu kinaanzia kushoto. Fumbeni macho mkikishika. Utepe msiutoe.