Kidonge cha kichocheo kimoja: jinsi ya kukimeza bila kukosea saa

Karibuni dada zangu, karibuni mama zangu. Na akina baba mliofungua video hii msiondoke, sehemu ya saa inawahusu sana. Nipo nyumbani kwangu Pasua, hapa Moshi, na mvua ya masika inapiga bati, kwa hiyo nitapaza sauti kidogo. Mezani nina pakiti ya vidonge vya uzazi wa mpango, glasi ya maji, simu na kalamu. Havihitajiki vingine.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha uzazi wa mpango, na akina mama wanaonyonyesha huniuliza: "Nesi, mbona fulani alikuwa anameza vile vidonge na bado akapata mimba?" Nikikaa na huyo fulani tukahesabu siku zake moja moja, mara nyingi tunakuta kidonge alikimeza, ila saa ilikuwa inahamahama. Leo asubuhi, kesho usiku, keshokutwa akikumbuka. Kidonge hiki hakiwezi maisha hayo, na ndiyo sababu nimeamua kurekodi.

Hatua ya kwanza, hakikisha ulichoshika ndicho chenyewe. Nasogeza kamera. Vidonge vya uzazi wa mpango vipo vya vichocheo viwili, yaani homoni mbili, estrojeni na projestojeni pamoja, na vipo hivi vya kichocheo kimoja, projestojeni peke yake. Pakiti nyingi za vichocheo viwili zina safu tatu za rangi moja na safu ya mwisho ya vidonge 7 vya kahawia. Vile vya kahawia ni madini ya chuma, havina kichocheo. Hii niliyoshika mimi, angalia, yote rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuna pakiti za vidonge 28 na kuna za 35, na kila kidonge kina dawa. Hakuna wiki ya kupumzika hapa.

Sasa igeuze, soma mgongoni. Pameandikwa levonorgestrel 0.03 mg, hiyo ndiyo projestojeni yake. Jina moja, basi. Ukikuta majina mawili, levonorgestrel 0.15 mg na chini yake ethinylestradiol 0.03 mg, ambayo ni estrojeni, hiyo ni ya vichocheo viwili. Umeona mtego ulipo? Ile 0.03 ipo kwenye pakiti zote mbili. Kwa hiyo hesabu majina, usitafute namba. Mama mwenye kichanga akiibeba ile ya vichocheo viwili kwa kukosea, estrojeni inaweza kumpunguzia maziwa, na katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua inaongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Ndiyo maana sipendi kabisa habari ya kuazimana pakiti na jirani. Kwenye zahanati na vituo vya afya vya serikali uzazi wa mpango hutolewa bure, nenda ukaonane na mtoa huduma upewe ya kwako. Na kama yako imeandikwa desogestrel 0.075 mg peke yake, nayo ni ya kichocheo kimoja, ila saa yake ni tofauti. Nitaifikia.

Hatua ya pili ni fupi lakini usiiruke. Kabla ya kumeza hata kimoja, mweleze mtoa huduma kama una saratani ya titi au uliwahi kuugua, kama una ugonjwa mkali wa ini, au kama unatokwa damu ukeni na haijulikani sababu. Mweleze pia dawa nyingine unazotumia. Hapa naomba mnisikilize. Rifampisini, iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu, inalifanya ini livunje kichocheo haraka kuliko kawaida, kwa hiyo unameza vizuri kabisa na bado kinga haitoshi. Hali hiyo huendelea kama wiki 4 baada ya kumaliza dawa. Baadhi ya dawa za kifafa ni hivyo hivyo: karbamazepini, fenitoini, fenobabitali. ARV zenye efavirenzi zinaweza kupunguza nguvu ya kidonge, zenye dolutegraviri hazina shida hiyo. Ukiwa kwenye mojawapo ya hizo, usiache dawa yako ya ugonjwa. Omba njia nyingine ya uzazi, kwa mfano kitanzi cha shaba, ambacho dawa hizo hazikigusi.

Mwenye presha anaweza kukitumia. Anayenyonyesha pia. Wengi waliokataliwa vidonge vya vichocheo viwili wanapata nafasi hapa, ndiyo faida yake kubwa.

Hatua ya tatu, lini uanze. Ukianza ndani ya siku 5 za kwanza za hedhi, umekingwa tangu siku hiyo. Ukianza siku nyingine, na una uhakika huna mimba, tumia kondomu siku 2 za mwanzo.

Mzazi ana hesabu yake. Hapa Uchagani tunajua uzazi ulivyo: unakaa ndani, unaletewa mtori, unaambiwa usishike hata ndoo. Wengi wanasubiri mpaka watoke uzazi, au mpaka hedhi irudi, ndipo waje kliniki. Mama yangu, yai linatangulia hedhi. Unaweza kupata mimba kabla hujaiona damu yoyote. Asiyenyonyesha anaweza kushika mimba wiki 4 tu tangu ajifungue. Anayenyonyesha maziwa matupu, mchana na usiku, bila maji wala uji, mtoto hajafika miezi 6 na hedhi haijarudi, huyo ana kinga ya maziwa yenyewe, na anaweza kuanza kidonge siku yoyote bila kuongeza kondomu. Lakini siku bibi anapompa mtoto kijiko cha kwanza cha uji, kinga ile imeanza kupungua. Pakiti iwe imeshafunguliwa kabla ya siku hiyo.

Sasa saa. Hatua ya nne, na hapa nitakaa.

Kidonge hiki kazi yake kubwa iko kwenye mlango wa kizazi. Kinaufanya ute wa pale uwe mzito, mbegu za kiume zisipenye. Kwa baadhi ya wanawake kinazuia na yai, ila usikitegemee kwa hilo. Ule uzito wa ute unadumu takriban siku moja tu. Saa 24 zikipita na hujaongeza kingine, ute unaanza kulainika. Kwa kidonge cha levonorgestrel ukichelewa saa 3, hesabu kwamba mlango umefunguka. Cha desogestrel kinazuia yai karibu kila mwezi, ndiyo maana kinakuvumilia mpaka saa 12. Kati ya wanawake 100 wasionyonyesha wanaokitumia kwa kusahausahau, kama 7 hupata mimba ndani ya mwaka wa kwanza. Wanaokimeza saa ile ile kila siku, hata mmoja kwa mia hafiki.

Chagua saa ambayo huwa upo nyumbani na hujalala. Mimi nawashauri wengi saa 2 usiku, taarifa ya habari inapoanza, kwa sababu hata simu ikizima chaji utaisikia redio ya jirani.

Sasa tuweke alamu pamoja, na tafadhali usiruke kipande hiki. Dada mmoja alinijia kliniki analia. Alikuwa ameweka alamu ya saa mbili, anasema haijawahi kulia. Nikaomba simu yake. Nikakuta ameandika 2:00. Simu haijui saa zetu. Kwake 2:00 ni saa nane usiku wa manane, na ilikuwa inalia kila usiku, yeye akiwa usingizini anaizima akidhani ni simu ya mtu. Miezi miwili hivyo, na alikuwa anakimeza akiamka, akikumbuka. Basi angalia kioo changu. Nafungua saa, nabonyeza alamu, naandika 20:00. Kama simu yako inaonyesha AM na PM, weka 8:00 PM. Halafu hapa chini pa kurudia, nachagua siku zote saba, kwa sababu simu nyingi usipochagua italia mara moja tu na kunyamaza. Jina la alamu andika chochote unachotaka. Kama simu inashikwa na watu wengi, andika "maji".

Na baba, kazi yako ni hii: weka alamu hiyo hiyo kwenye simu yako. Ikilia, mletee maji. Nimewaona wanaume wa Majengo na Kiborloni wanaofanya hivyo, na wake zao hawarudi kwangu wakiwa na hofu.

Kalamu ni ya hii. Mgongoni mwa karatasi ya vidonge, juu ya kidonge cha kwanza, naandika siku niliyoanza: J3, yaani Jumatatu. Nafuata mishale. Keshokutwa nikiona kidonge cha Jumanne bado kipo na ni Jumatano, najua nimekosa, sibishani na kumbukumbu.

Hatua ya tano, umechelewa. Tuseme saa yako ni saa 2 usiku. Ukikumbuka kabla ya saa 5 usiku, meza, endelea, hakuna kilichoharibika. Ukikumbuka saa 1 asubuhi, zaidi ya saa 3 zimepita. Kimeze hapo hapo, na usiku saa 2 unameza cha siku hiyo kama kawaida. Viwili ndani ya siku moja havikudhuru. Halafu tumia kondomu, au msikutane, kwa siku 2 ukiwa unameza kwa saa yake. Wa desogestrel huhesabu hivyo akipitisha saa 2 asubuhi, na baadhi ya karatasi zilizomo kwenye pakiti zake zinataka kondomu siku 7. Fuata karatasi yako. Mama aliye kwenye kinga ya maziwa niliyoieleza, yeye ameze tu na kuendelea.

Kama ulikosa na mlikutana bila kondomu ndani ya siku 5 zilizopita, nenda famasi au kituo cha afya leo, ulizia kidonge cha dharura, wengi mnakiita P2. Kadiri unavyowahi ndivyo kinavyosaidia, na siku 5 zikipita usikitegemee.

Umetapika ndani ya saa 2 tangu umeze? Meza kingine mara moja, halafu endelea na ratiba yako. Ukiharisha sana, endelea kumeza, lakini ongeza kondomu mpaka siku 2 baada ya tumbo kutulia.

Hatua ya sita, damu. Hili ndilo linalowafanya wengi watupe pakiti. Hedhi inaweza kuja mara mbili kwa mwezi, au matone tu, au ikapotea kabisa, hasa ukinyonyesha. Damu haikusanyiki tumboni, jamani. Hakuna damu iliyofungwa mahali popote. Ngozi ya ndani ya mfuko wa uzazi imekuwa nyembamba, hakuna cha kumwagika. Matiti kuuma kidogo, kichwa kuuma, hutokea, na kwa wengi hupungua miezi michache ya mwanzo. Kama unakosea saa, matone huongezeka, kwa hiyo angalia kwanza alamu yako kabla ya kulaumu dawa.

Yapo yasiyosubiri kesho. Maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, na kizunguzungu au kuzimia: inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Ni nadra kwa anayemeza kidonge, lakini mwenye kidonge akishika mimba, uwezekano wa kutunga nje ni mkubwa kuliko kawaida. Nenda hospitali hapo hapo, usiku au mchana. Macho kuwa ya njano, kichwa kuuma vikali huku macho yakiona mwanga unaometameta au ukungu, damu nyingi mara mbili ya kawaida yako au inayopita siku 8, uvimbe kwenye titi: hayo pia yakupeleke kituoni.

Kidonge hakizuii VVU wala magonjwa ya zinaa. Kama humwamini mwenzako, kondomu ibaki pale pale.

Na ukitaka mtoto, acha tu kumeza. Uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja, hakuna miezi ya kusubiri dawa itoke mwilini.

Sasa tumalizie na pakiti hii. Naiwekea alama ya duara hapa, vikiwa vimebaki vidonge 7. Ukifika kwenye duara, hiyo ndiyo siku ya kwenda kliniki kuchukua nyingine, kwa sababu kesho yake baada ya kidonge cha mwisho, saa 2 usiku, unafungua pakiti mpya bila kuruka hata siku moja. Kama una safari, tuseme unapanda basi kwenda Arusha kwa shangazi, pakiti iingie kwenye mkoba wa mkononi. Usiiweke kwenye begi linalopakiwa kwenye buti.

Ni saa 2 kasoro dakika 3 hapa kwangu. Maji yapo. Weka ya kwako sasa hivi, tusubiri ilie.