Rafla: kufinya marinda kwa cherehani

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele maana hiki kidude ni kidogo, kutoka huko hamtakiona.

Hii ndo rafla, kidude cha kufinya marinda, unakifunga kwenye cherehani badala ya ule mguu wake wa kawaida. Ukiiona mara ya kwanza unaogopa, ina mikono mingi kama kaa, lakini kazi yake moja tu, kuna kibati chenye meno kinasukuma kitambaa kuelekea kwenye sindano, kinajikunja, sindano inakishona palepale. Nguvu yake inatoka kwa sindano yenyewe. Huu mkono wenye uma lazima ukumbatie ile skrubu inayobana sindano, sindano ikipanda nao unapanda, ukisahau kuuingiza utashona weee na rinda hulioni. Na kabla hujawasha, zungusha gurudumu kwa mkono mara mbili tatu uone sindano haigongi chuma. Mshono uwe wa kunyooka tu, sindano katikati, ukiweka zigizaga imevunjika hiyo.

Kitambaa cha kufinywa kinapita katikati ya vibati viwili. Kama unashonea frili kwenye sketi moja kwa moja, basi ile sketi inapita chini kabisa, vibati visiiguse, vinginevyo itafinywa na yenyewe halafu utashangaa.

Sasa namba. Nyingi zina 1, 6, 12 na alama ya nyota. Ukiweka 1 inafinya kila stichi, unapata frili nzito, 6 ni rinda moja kila stichi sita, 12 kila stichi kumi na mbili, nyota haifinyi kabisa, unashona kawaida. Halafu kuna skrubu ya pembeni, hiyo ndo inaamua rinda lichukue kitambaa kiasi gani. Na urefu wa stichi nao unaingilia! Ukiwa kwenye 1 ukafupisha stichi marinda yanasongamana, ukirefusha yanaachana, yaani vitu vitatu vinavutana, ndo maana siamini mtu anayeniambia "weka hapa utapata mara mbili".

Mimi nilishawahi kukata frili ya gauni kwa kukisia, nafika robo tatu ya pindo frili imeisha, kitambaa chenyewe hakipo tena. Tangu siku hiyo napima. Chukua kipande cha kitambaa kilekile, sentimita 60, pitisha, kipime tena. Kikitoka 24, gawa 60 kwa 24, ni mbili na nusu. Pindo lako lina 180? Zidisha, unahitaji 450, ongeza kidogo ya akiba, ndo ushike mkasi. Ukibadilisha kitambaa, hata uzi tu, pima upya, usiwe mvivu hapo. Na andika ulivyoseti, namba, skrubu na urefu wa stichi, kwenye karatasi uibane na kipande chenyewe kwa pini, kesho hutakumbuka.

Vitambaa vyepesi na vya kati vinaenda vizuri. Jinzi mimi siiwekei, naona inatesa mashine bure, hiyo nashona mistari miwili ya stichi ndefu navuta uzi wa bobini kwa mkono. Kingine, ukivuta uzi unaweza kusogeza marinda yakae sawa, ila ya rafla yameshashonwa hapo hapo, hayasogei, ukikosea ni kufumua.

Haya, nani kaja na kipande? Lete hapa tukipime kwanza.