Boksi la chaki: niliyoongea na walimu wanaoenda BTP

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, habari za asubuhi. Namshukuru mkuu wa chuo kunipa hii saa moja, najua wiki ijayo mnaenda BTP, mazoezi ya kufundisha mashuleni, na vichwa vyenu viko kwenye azimio la kazi na andalio la somo na nauli, kwa hiyo naingia moja kwa moja: nimekuja kuongea jinsi ya kuzungumza na wanafunzi kuhusu miili yao na kubalehe. Mi nafundisha Biolojia na Uraia, huu mwaka wa 19 niko darasani, na karibu muda wote huo nimekuwa mwalimu wa unasihi, yaani ushauri kwa wanafunzi, ile kazi mkuu wa shule anampa mwalimu mgeni kwenye kikao cha kwanza bila semina wala kitabu. Wengi wenu mtapewa.

Kwanza naomba tuseme maneno manne pamoja, kwa sauti. Hedhi. Uke. Uume. Shahawa. Mnacheka, sawa, tena. Haya mara ya tatu. Mmeona? Mara ya tatu kicheko kimeisha, na darasani ni hivyo hivyo, fomu one wanacheka mara mbili halafu wanatulia, ila lazima we mwenyewe uwe umeshayazoea mdomoni maana ukiyatafuna tafuna watoto wanajua hapo hapo kwamba hapa kuna aibu.

Nimeanza na maneno kwa sababu ndo jambo lenyewe lililonileta. Haya mambo tunayafundisha, mtu asije akakwambia hatufundishi. Uraia ya fomu one, kwenye mtaala uliotangulia huu mpya, ilikuwa na stadi za maisha, ilikuwa na maisha ya familia, ilikuwa na uchumba na ndoa, na Biolojia ina mada nzima ya uzazi na nyingine ya UKIMWI, ila ile ya uzazi mtoto anaifikia akiwa ameshabalehe zamani. Na vyote tunavifundisha kwa Kiingereza, kwa ajili ya mtihani, kwa mtoto ambaye miezi michache nyuma alikuwa anasoma kila kitu kwa Kiswahili.

Nilikuwa na binti mmoja, sitamtaja jina wala shule, alikuwa anachora mfumo wa uzazi wa mwanamke vizuri kuliko kitabu, mishale imenyooka kwa rula, majina yote ya Kiingereza sahihi, nikampa alama zote. Mwezi ule ule matroni akanipigia usiku, mtoto ana homa, tumbo la chini linamuuma hawezi kunyooka, anatokwa na uchafu wenye harufu na imeshapita wiki tatu hajamwambia mtu. Hospitali wakamtibu akapona. Nikamuuliza mwanangu, mbona hukuja kwangu? Akasema mwalimu, sikujua niseme nini. Nikadhani ni aibu tu, kumbe anamaanisha kabisa alichosema, hakuwa na neno. Alikuwa nayo matatu, la nyumbani ambalo ni "huko chini", la mtaani ambalo ni tusi, na la mtihani, na hakuna hata moja kati ya hayo matatu ambalo mtoto wa miaka 15 anaweza kuingia nalo kwa nesi. Nilimpa alama zote kwa mchoro wa kitu ambacho hakujua kama ni chake. Sijawahi kuisahau ile karatasi.

Sasa sisi watu wa Pwani, mi kwetu Tanga, tunajua hii kazi ilikuwa na wenyewe. Binti akivunja ungo anakabidhiwa kwa somo wake, kungwi, na mama hakai kumwambia mwanae uso kwa uso, anaambiwa na mtu aliyepewa hiyo kazi, kwa lugha yake, kwa nyimbo, taratibu. Wavulana nao walikuwa na jando. Sisemi turudi huko, maana unyago ulikuwa unamwandaa mwali kwa ndoa, na huyu wa kwangu ana miaka 13 na ana miaka minne ya kusoma mbele yake, wala sheria yetu ya ndoa ya 1971 inayoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa mi siiungi mkono hata kidogo. Ninachosema ni kwamba shule imemchukua mtoto kutoka kwa kungwi, imemuweka bwenini miezi tisa kwa mwaka, halafu ile kazi ya kungwi haikuichukua. Imebaki chini, haina mtu. Na simu imeiokota.

Kwa hiyo mfanyeje. Mi natumia boksi la chaki. Lile la kawaida, likiisha chaki unalifunga kwa selotepu na kulitoboa mdomo juu. Unagawa vikaratasi vya ukubwa mmoja, vilivyokatwa kwenye daftari moja, na kila mtu anaandika, KILA MTU, asiye na swali anaandika "sina swali" mara tano ili kalamu zote zianze na ziishe kusogea pamoja. Hili msilipuuze. Ukisema mwenye swali aandike, wataandika watano na darasa zima litawajua. Na waambie waandike kwa Kiswahili, hata kama mkaguzi yupo mlangoni.

Maswali mtakayopata ni haya. Kwanini titi langu moja kubwa kuliko lingine. Ukiruka kamba baadae mimba haishiki, kweli? Nikiota usiku nikajikuta nimelowa, ni ugonjwa? (Si ugonjwa, ni ndoto nyevu, inawapata wavulana wengi sana wakibalehe, na yule anayeuliza ameficha shuka lake wiki nzima, kwa hiyo jibu lako liwe fupi na la upole.) Siku salama ni zipi? Hapo wengi wanakuja na hesabu ya siku 28 waliyoisoma kwenye simu, waambie mzunguko unaweza kuwa siku 21 hadi 35 au hata zaidi, na kwa binti aliyevunja ungo juzi unaruka ruka ovyo miaka ya mwanzo, hiyo hesabu haimlindi. Ile sindano ya shuleni ni ya kutufunga uzazi? Hili nalipata kila mwaka, na jibu ni hapana, ni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na sasa inatolewa dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14, na hiyo saratani ndo inaongoza kwa kina mama wa nchi hii. Semeni hivyo hivyo, msizunguke.

Halafu ipo karatasi moja itakuja siku moja, imekunjwa mara nyingi kuliko zingine. Ya kwangu ilisema: "mtu wa nyumbani akikushika ukiwa umelala ni kosa lako?"

Mwaka wangu wa pili kazini niliisoma hiyo kwa sauti, na nilipomaliza, naomba mnisikilize hapa, macho yangu yakaenda yenyewe kwa binti mmoja niliyekuwa namhisi. Sekunde moja tu. Darasa zima likageuka kumtazama. Hakuwahi kuandika tena, na muhula uliofuata alihama na mpaka leo sijui kama ndo alikuwa yeye au la. Kwa hiyo siku hizi nikisoma naangalia ukuta wa nyuma, natafuta kitu cha kutazama pale kabla sijafungua karatasi, najibu darasa lote: si kosa lako, hata kama hukupiga kelele, hata kama alikupa hela, hata kama ni ndugu, na ukitaka kuongea mi nipo maabara saa ya mapumziko kila siku, mlango wazi, na simu 116 ni ya watoto, bure. Halafu naenda kweli kukaa maabara. Kila siku, siyo wiki ile tu.

Na wavulana msiwaache. Ule utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili kwa watoto ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na kwa wavulana ni karibu 1 kati ya 7. Chukua darasa la watoto 60, nusu wavulana, hesabu mwenyewe wangapi wamekaa pale wanakuangalia.

Wazazi watakuja. Mzee mmoja alinijia na kanzu yake imenyooka, akaniambia mwalimu unamfundisha mwanangu uhuni. Sikubishana, nilimpa kiti nikamsomea karatasi za wiki ile, bila kumwambia darasa gani. Alisikiliza zote. Akauliza, hizi wameandika hawa hawa? Nikamwambia hawa hawa. Akakaa kimya, baadae akasema basi waambie, ila uwaambie na Mungu. Nikamwambia mzee wangu, hilo nawaambia. Mkiweza muiteni mzazi mapema, kabla hajasikia kwa jirani, yeye na imamu na mchungaji. Takwimu za 2022 zinasema wasichana 22 katika kila 100 wenye miaka 15 hadi 19 walishawahi kubeba mimba, na tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shule. Wa kwangu wamerudi wawili, mmoja anakaa dawati la mbele, na ndiye anayenisaidia kukata vikaratasi.

Saa imeisha, naona mkuu anaangalia simu. Nimeomba stoo wasitupe maboksi ya chaki tangu mwezi uliopita, yako pale mlangoni kama arobaini hivi, selotepu iko juu yake. Kila mtu apite achukue moja.