Mhusika Wako Unamjua, au Umemsajili Tu?

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi ni Baraka, niko na mwenzangu...

ZAINABU: Zainabu. Hamjambo nyote?

BARAKA: Leo ni zamu ya wahusika wa hadithi. Dada Zainabu, wiki iliyopita tulipozima maikrofoni uliniambia umeachana na daftari zima. Hebu anzia hapo.

ZAINABU: Nimelifungia kabatini. Lilikuwa daftari la maswali. Unayajua yale madodoso ya waandishi: mhusika wako kazaliwa lini, anapenda rangi gani, ana kovu wapi. Nina mama mmoja kwenye riwaya ninayoiandika, muuguzi mstaafu. Nilimjazia kurasa 40. Nikajua mpaka mkono anaoandikia. Lakini nikikaa kuandika, haongei. Yupo tu, kama picha ya kitambulisho.

BARAKA: Kwa hiyo dodoso halifai?

ZAINABU: Kama kumbukumbu linafaa, usije ukampa mtu kaka wawili sura ya pili, sura ya tisa akawa mtoto wa pekee. Ila kumsajili mtu si kumjua. Mimi nilichofanya, niliandika tukio ambalo halimo kwenye riwaya wala halitaingia. Nikamketisha kwenye benchi nje ya wodi. Pembeni yake kuna kijana asiyemfahamu, analia. Basi. Sasa, kwenye daftari nilikuwa nimeandika "ana huruma sana." Nikategemea atamshika bega. Akachukua mkoba wake, akauweka katikati yao.

BARAKA: Kama ukuta.

ZAINABU: Kama ukuta. Nikasema, huyu mama vipi? Nikaendelea kuandika. Baada ya muda, bila kugeuka, macho yake kwenye mlango wa wodi, akatoa leso, akaiweka juu ya ule mkoba. Hakumpa mkononi. Aliiweka tu. Kijana akaichukua.

BARAKA: Aisee.

ZAINABU: Pale ndipo nilipomjua. Huruma anayo, ila hawezi kuvumilia kuonwa akiwa nayo. Tangu siku hiyo nikajua hatamki neno "pole." Kurasa zote nilizoandika baadaye, halimo kinywani mwake. Mtu akifiwa, atamuuliza, "Mlango umefunga?" Kwa Kiswahili, mtu asiyesema pole, msomaji anamgundua haraka mno. Huna haja ya kumweleza.

BARAKA: Hilo la kinywa nataka tulikalie kidogo. Mimi nikimaliza mazungumzo ya kwenye hadithi, nafuta majina ya wasemaji, nayaacha siku mbili, kisha nasoma. Nisipotambua nani kasema nini, najua wote ni mimi ninaongea. Tazama jambo dogo tu, kuomba maji. Mmoja atasema "Nipe maji." Mwingine, "Naomba maji." Wa tatu atauliza, "Maji yapo?" Huyu wa tatu haombi kabisa, anataka wewe ndiye ujitolee. Ukishajua mhusika wako ni yupi kati ya hao, umejua mengi kuhusu alivyolelewa.

ZAINABU: Na anavyokataa je? Kuna wasioweza kusema hapana. Watakwambia "tutaona."

BARAKA: Ndiyo hao. Sasa, kuna jambo tunatofautiana kidogo. Wewe unamjua mhusika kwa kuandika. Mimi bado naamini lazima nikae naye kwanza kabla ya sentensi ya kwanza.

ZAINABU: Henrik Ibsen, yule mwandishi wa tamthilia wa Norwei, alitupa sote haki. Alisema lazima amjue mtu wake kwanza, nje na ndani. Lakini papo hapo akaeleza kuwa kwenye rasimu ya kwanza anawajua wahusika kama watu aliokutana nao safarini kwenye treni. Rasimu ya pili, kama amekaa nao wiki kadhaa mahali pamoja. Ya tatu ndiyo anawajua kama marafiki wa siku nyingi.

BARAKA: Rasimu tatu! Wengi wetu tunachapisha tukiwa bado kwenye treni.

ZAINABU: Na inaumiza, kwa sababu hadithi nyingi nzuri zinaharibikia hapo.

BARAKA: Si lazima kila mhusika afike rasimu ya tatu, lakini. E. M. Forster, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, kwenye mihadhara yake ya mwaka 1927, ndiye aliyetupa huu mgawanyo wa wahusika bapa, wale wa sifa moja tu, na wahusika duara. Kipimo chake cha duara ni kimoja: anaweza kukushangaza na bado ukamwamini? Bapa nao wana kazi yao. Shaaban Robert katika Kusadikika ana waziri anayeitwa Majivuno. Hayo ni majazi, jina lenyewe linamtangaza mtu, na kwa kisa kile linafaa kabisa.

ZAINABU: Ila mhusika mkuu wa riwaya ya leo, ukimpa sifa moja tu, atakuchosha mapema.

BARAKA: Na anayeonewa zaidi ni yule mbaya wa hadithi. Nilikuwa na baba mmoja mkali, na rafiki aliyesoma mswada akaniambia, "Huyu mzee unamchukia." Kweli. Nikamwandikia barua, yaani yeye anamwandikia mwanawe, kwa nafsi ya kwanza. Nilitegemea mahali fulani ataomba radhi. Hakuomba. Aliorodhesha kila alichowahi kumlipia, mpaka viatu. Kichwani mwake, yeye ndiye anayedai.

ZAINABU: Na ukali wake ukabadilika?

BARAKA: Haukupungua hata chembe. Ila uligeuka kuwa wa mtu anayesubiri deni lake, na mtoto ndiye asiyejua anadaiwa nini. Nilifuta sura tatu.

ZAINABU: Na hukumchukua mtu halisi?

BARAKA: Vipande. Kikohozi cha huyu, mwendo wa yule. Ukimchukua mtu mzima mzima, unaanza kumlinda. Hadithi inamtaka adanganye, wewe unasema hapana, hakuwa hivyo. Huwezi tena kumuuliza swali, kwa sababu jibu unalo tayari.

ZAINABU: Na mhusika anayekunyima jibu ndiye anayenifanya niamke alfajiri.

BARAKA: Nikuulize la mwisho. Ule mkoba wa muuguzi, ndani una nini?

ZAINABU: Bado sijajua. Najua tu kwamba haufungui mbele ya watu.

BARAKA: Lakini leso ilitoka wapi?

ZAINABU: Mfukoni. Nilirudi kusoma nikahakikisha. Mkoba haukufunguliwa.