Kusubiri wimbi na watu usiowajua

Jamani habari za jioni. Wale mliokaa kule nyuma sogeeni mbele bana, viti viko, mi sauti yangu siyo ya kwaya. Nimepewa dakika 20 niongelee kutembea visiwani na begi mgongoni na kupanda mawimbi na watu mliojuana njiani, na aliyenialika akaniomba nilete picha za mawimbi makubwa. Sina. Ninazo picha kama mia tatu hivi za ile safari na karibu zote ni watu wamekaa. Wamekaa bandarini, wamekaa juu ya mabegi, wamekaa ufukweni wanaangalia bahari imelala kama mkeka.

Ndo ukweli wenyewe huo na watu hawausemi. Kupanda mawimbi ni kusubiri. Unaingia majini saa mbili nzima, alafu ukijumlisha ule muda uliosimama kweli juu ya bodi, ule ubao wa kupandia mawimbi, mi wangu haufiki hata dakika 2. Muda uliobaki wote umekaa juu ya bodi miguu inaning'inia majini unaangalia upeo wa macho. Nchi kavu hivohivo, unasubiri feri, unasubiri maji yajae, unasubiri upepo utulie, unasubiri gundi ya bodi ikauke. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio na mi nilivyoondoka nyumbani niliamini hivo kabisa, nilijipangia kila kitu peke yangu mpaka siku ya kukata kucha. Siku ya 3 tu nilikuwa nasafiria nyota ya Mbrazili mmoja ambaye hata jina langu hakulijua.

Ilikuwa Bali, kisiwa cha Indonesia, mwezi wa 7, pale Uluwatu. Sijui nani hapa ameshafika... sawa, mmoja. Uluwatu unashuka ngazi za mwambani unaingia kwenye pango, na pango ndo mlango wa baharini, hakuna ufukwe wa kujitandaza pale mbele. Maji yakiwa yamepwa unatembea tu juu ya mwamba, yakijaa pango linajaa maji na wimbi linaingia ndani linagonga ukuta linarudi na kila kitu kilichomo, wewe na bodi yako mkiwemo. Kutoka siyo shida. Kurudi ndo kuna kazi, sababu kuna mkondo unaopita kando ya ule mwamba mrefu, na ukitaka kulipata pango usilielekee pango. Unalenga juu yake, kule mkondo unakotokea, unaacha maji yakulete. Mi nikalenga pango moja kwa moja kama mtu anayevuka barabara. Nikapita mbele yake kama basi lililojaa linavyopita kituo, naliona kabisa, naona na watu ndani yake, nimeshapitiliza.

Ukikosa unaanza upya, unapiga kasia kwa mikono mpaka nje, unazunguka, unapanda kule juu, unajaribu tena. Mara ya 2 nikakosa. Jua linazama, mikono imekuwa kama nguo mbichi, na watu majini wanapungua mmoja mmoja. Ndo nikamwona jamaa, huyo Mbrazili, amesimama kwenye jiwe mdomoni mwa pango, ameshatoka zamani, bodi yake ameshaipandisha, amerudi na simu amewasha tochi. Hapigi kelele. Ananionyesha tu kwa mkono, juu, juu, bado, juu zaidi, hadi nkaona huyu ananipeleka kisiwa kingine. Alafu akashusha mkono. Nikaacha kupiga kasia, maji yakanibeba yakanitema miguuni kwake na magoti yamechubuka yote mawili. Akaokota bodi yangu, akaniangalia vizuri na ile tochi, akasema "We si ndo unalala kitanda cha juu yangu pale hosteli? Unakoroma."

Kesho yake tukaondoka pamoja. Sikumwuliza hata anaenda wapi.

Bandari ya Padangbai, hukohuko Bali, tukakutana na wengine wawili, na tulivyojuana ni sababu feri imechelewa na kivuli kilikuwa kimoja. Dada mmoja wa Kiholanzi, nesi, mwenye begi dogo kuliko wote na bodi kubwa kuliko wote. Na mzee wa Kijapani, wote tukawa tunamwita mzee tu, mwalimu mstaafu, anatembea na daftari. Hiyo feri ya kwenda Lembar, Lombok, kisiwa cha jirani, ni mwendo wa saa 4 hadi 5 ikienda vizuri na yetu haikuwa na mpango wa kwenda vizuri, tulifika mbele ya Lembar tukaambiwa gati limejaa tukakaa tunabembea tu, na ule mlango wa bahari kati ya Bali na Lombok una mikondo mikali, tumbo langu nilikuwa nalisikia masikioni. Ndo yule dada akaanza kutuhadithia habari za Wallace, yule Mwingereza wa elimu ya wanyama. Alipita palepale mwaka 1856 na wala hakupanga, alikuwa anataka kwenda Makassar akakosa meli ya moja kwa moja kutoka Singapore, basi akazungukia Bali na Lombok. Na kwa sababu ya meli aliyoikosa ndo akagundua ndege wa upande huu siyo wa upande ule, Lombok kuna kasuku weupe wa kama kule Australia na Bali hawapo, wakati ni maji kidogo tu yanatenganisha. Mstari wa kugawa wanyama wa pande hizo mbili, wenye jina lake mpaka leo, umepita palepale tulipokuwa tunatapikia. Samahani kwa wanaokula.

Naona mkono pale. Eeh... kama hujui kuogelea? Anza na kuogelea, ndugu yangu, bodi siyo boya. Na ukishajua, anzia kwenye mchanga. Lombok kuna Selong Belanak, ghuba pana, chini mchanga mtupu, wimbi la upole, unaanguka mara hamsini na hudhuriki kitu zaidi ya heshima. Ukihisi mkondo unakuvuta nje usishindane nao, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke kwenye ule mfereji alafu ndo urudi. Waliozoea wanautumia uleule kama lifti ya kutokea nje. Kwenye matumbawe nenda baadaye, na vile viatu vya raba, sababu kule chini kuna nungu wa baharini na hao hawana mzaha. Ukichubuka osha na maji safi na sabuni siku hiyohiyo, usingoje kesho, kidonda cha matumbawe ni kinyonge siku ya kwanza tu. Alafu pikipiki, angalieni kama bima yenu ya safari inakubali pikipiki na kama leseni yenu ni ya pikipiki. Haya basi, hiyo nimemaliza, naendelea na watu wangu.

Kitu kilichotufunga sisi wanne ni foleni. Majini kuna foleni isiyo na kamba wala mlinzi. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapoanza kuvunjikia, huyo ndo mwenye wimbi, wengine wote mnaacha. Ukiingia mbele yake umemdandia, na kumdandia mtu kwenye mwamba siyo utani, mnaweza kuumizana na bodi vibaya. Sasa ukikaa na mtu foleni hiyo wiki mbili unamjua kuliko mwaka wa kunywa naye chai. Unamjua anayesema "nenda, hilo lako" wakati angeweza kulichukua. Unamjua anayejifanya hajakuona. Kule Lombok tulianza safari watu 5, yule wa 5 alikuwa mcheshi ajabu, ana hadithi, anajua kila mtu, na majini alikuwa anadandia kila wimbi alafu anageuka anacheka. Hatukumfukuza. Tulipanga tu kuondoka saa 11 alfajiri na hakuna aliyemwamsha. Mpaka leo sijui kama tulifanya vizuri.

Tukavuka tena, Kayangan mpaka Poto Tano, hiyo feri fupi haifiki hata saa 2, alafu siku nzima barabarani Sumbawa, kisiwa kinachofuata, bodi zimefungwa juu ya basi, mpaka Lakey, upande wa kusini. Na Lakey tukakuta bahari imelala. Hamna kitu. Pale kuna mnara wa mbao umesimama kwenye mwamba, wa majaji wakati wa mashindano, na mawimbi tuliyoyakuta yalikuwa yanailamba miguu yake kama paka.

Siku 4.

Tulicheza karata mpaka picha zikafutika. Tukaziba bodi zote zilizotoboka na za jirani pia. Ndo mama mwenye ule mgahawa mdogo akaniuliza "apa kabar?", nikamjibu nzuri bila kufikiria, sababu masikio yangu yalisikia habari. Basi ikawa mchezo. Meza wao wanasema meja. Sabuni, sabun. Karatasi, kertas. Dunia ni dunia. Kamusi ni kamus. Nikaonyesha bendera iliyokuwa inapepea nje, nikasema kwetu hii ni bendera, akashika kiuno akacheka, sababu kwao pia ni bendera, herufi kwa herufi. Mwarabu alipita huku na kule, Mreno naye akapita, wakatuachia maneno yaleyale pande zote mbili za bahari moja. Wenzangu watatu wamejifunza Kiindonesia na programu ya simu wiki nzima, mi nimekuta nusu ya duka ninayo tayari. Mzee akaandika yote kwenye daftari.

Na mzee ndo alitufundisha kusubiri kwa hesabu. Alisema mawimbi ya huku hayazaliwi huku. Yanazaliwa kwenye dhoruba kule chini kabisa kusini, karibu na barafu, yanasafiri maelfu ya kilomita, na ukijua sekunde ngapi zinapita kati ya wimbi na wimbi unajua yanatembeaje. Chukua zile sekunde zidisha kwa 2.8, unapata kilomita kwa saa. Wimbi la sekunde 18 linakuja kama kilomita 50 kwa saa, la sekunde 12 ni kama 34. Kwa hiyo dhoruba moja ikiwa kilomita 5,000 kutoka ulipo, yale marefu, ya sekunde 18, yanakufikia baada ya siku 4 na kidogo, mafupi, ya sekunde 12, baada ya siku 6. Marefu yanatangulia. Mwaka 1963 Walter Munk, mtaalamu wa bahari, na wenzake waliyafuatilia yakitoka kusini, kuanzia New Zealand mpaka Alaska, wameweka vituo vya kupimia njiani, na yeye mwenyewe akakaa Samoa na familia yake anayangoja. Mi nilipenda sana kusikia hivo, profesa mzima kazi yake ni kama yetu, kukaa kisiwani kusubiri wimbi.

Dhoruba ilikuwa imeshaonekana kwenye ramani. Mzee akahesabu kwa vidole, Jumamosi.

Tatizo, visa ya yule dada ilikuwa inaisha Ijumaa. Ile unayolipia unapofika, rupia 500,000, unapewa siku 30, unaongeza mara moja tu siku 30 nyingine, na yeye alishaongeza. Ukizidisha ni faini rupia milioni 1 kwa kila siku. Tukapiga hesabu usiku kucha, tukasema tumchangie, Mbrazili akatoa pesa kabisa akaziweka mezani. Akakataa. Alisema hataki wimbi la deni. Alhamisi asubuhi akapanda gari la kwenda uwanja wa ndege Bima, begi lake dogo mgongoni, na ile bodi kubwa akaiegemeza kwenye mti wa nje. Mzee akamwambia sasa umefanya kama Duke. Duke Kahanamoku, yule Mhawaii muogeleaji, bingwa wa Olimpiki 1912 na 1920, alivyoenda Sydney mwisho wa 1914 alichonga bodi kwa mbao aliyoipata kulekule, akaonyesha watu jinsi ya kupanda mawimbi, akaondoka bodi akaiacha, na ipo mpaka leo kwenye klabu ya pale Freshwater.

Jumamosi nikaamka saa 10 usiku na kelele. Siyo kelele, kishindo, alafu kimya kirefu, alafu kishindo. Nikahesabu kwenye giza. 17. Mbrazili alikuwa ameshasimama mlangoni.

Tuliingia kabla upepo haujaamka. Mistari inatoka mbali inakuja bila haraka, ikifika kwenye mwamba inanyanyuka, inapasuka pande mbili, kulia na kushoto, na maji kwa ndani ni ya kijani unaona mpaka matumbawe chini. Mzee alichukua ile bodi kubwa ya dada, akaenda kushoto, magoti amekunja kidogo tu, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Nilipiga yowe mpaka nikameza maji. Tulitoka tukala tukarudi, tukatoka tukarudi, mpaka giza.

Usiku kwenye simu kuna ujumbe mmoja, umetumwa saa 1 asubuhi. "Yamekuja?"

Tukakaa watatu pale mezani tunaangaliana. Mbrazili akaisukuma simu kwangu, mi nikaisukuma kwa mzee. Mzee akafungua daftari, akapiga picha ukurasa wa siku ile, ulikuwa mtupu, ameandika tarehe tu, na karatasi imelowa maji ya chumvi. Akamtumia hiyo.