Saratani katika Tone la Damu: Mhadhara Uliotolewa Lamu

Wazee wetu, mabibi na mabwana, assalaamu alaykum.

Wengi wenu mna jamaa mwenye kisukari, na mmemwona akijichoma ncha ya kidole, akatia tone la damu kwenye kijikaratasi, na kimashine kikamtajia kiwango cha sukari kabla chai haijapoa. Kimashine hicho ni kihisi cha kibayolojia, na asili yake ni kazi ya Leland Clark na Champ Lyons wa Marekani, ambao mwaka 1962 walieleza jinsi ya kuweka kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, juu ya elektrodi, kipande kinachopitisha umeme. Swali langu leo ni kwa nini saratani haijapata kimashine kilichoenea namna hiyo.

Tatizo la kwanza ni uchache. Lita moja ya damu ya mtu mzima mwenye afya ina glukosi inayokaribia gramu moja. PSA, protini itokayo kwenye tezi dume na ambayo huweza kupanda kwa saratani ya tezi hiyo, kwa miaka mingi imetiliwa shaka inapozidi nanogramu 4 kwa mililita, yaani sehemu 4 tu kati ya milioni za gramu katika lita, kwa hiyo ishara ya umeme inayotokana nayo ni hafifu mno.

Hapa ndipo dhahabu inapoingia. Sonara wetu anaijua ikiwa ya manjano, lakini ikigawanywa hadi chembe za nanomita 20 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na kuelea majini, huwa nyekundu kama juisi ya rozela. Chukueni mchemraba wa dhahabu wa sentimita moja kila upande, wenye eneo la sentimita 6 za mraba. Ukikatwakatwa kuwa michemraba ya nanomita 10, eneo hilo hufika mita 600 za mraba. Katika uwanja huo mpana hupandikizwa kingamwili, protini za kinga, zinazoikamata PSA, nayo ikishanaswa huwazuia elektroni kupita, na upungufu huo wa mkondo ndio unaosomwa. Mirija midogo mno ya kaboni na grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, hufanya kazi inayofanana.

Tatizo la pili, nami naliona kubwa zaidi, ni msongamano. Katika maji ya damu imo albumini kama gramu 40 kwa lita, takriban mara milioni 10 ya PSA tuliyoitaja, nayo huganda kwenye elektrodi kama viumbe wa bahari wanavyoganda chini ya dau. Mafundi wetu walipaka shahamu na chokaa. Watafiti hupaka polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, zinazopenda maji, ambazo protini hazishiki kwa urahisi. Kwa hiyo mkiambiwa kifaa kimefaulu, ulizeni kilijaribiwa katika maji safi ya chumvi ya maabara au katika damu yenyewe.

Hata kikisoma sawasawa, PSA hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida wa uzeeni na kwa maambukizi. Saratani huthibitishwa kwa kipande cha nyama kinachotazamwa chini ya hadubini.

Limebaki joto. Kingamwili nyingi huharibika zisipohifadhiwa kwenye baridi, na kisiwa chetu wakati wa kaskazi si jokofu. Ndiyo maana navutiwa zaidi na aptama, nyuzi fupi za DNA zilizochaguliwa kushika protini fulani: zikipashwa moto hufumuka, na zikipoa nyingi hujikunja tena na kurudia umbo lake.