Mbuzi ya Pasta na Bahasha ya Mama Pasta

MAPENDO: Karibuni ku kipindi, jambo wa Bukavu yote, wa Kadutu, wa Bagira, wa Panzi, na weye uko Kampala unatusikiliza ukipika. Amani njo huyu, amechelewa kama kawaida, na leo suruali yake iko na majani.

AMANI: Ya Mapendo, mkubwa wangu, usianze. Wiki yote mimi ni mchungaji wa mbuzi. Ku kanisa tulichanga tumushukuru pasta na familia yake Jumapili, kamati ikanunua mbuzi, halafu eti Amani njo ako na parseli kubwa, kiwanja kikubwa, mbuzi ilale kwake.

MAPENDO: Parseli kubwa? Kadutu?

AMANI: Sabuni ikikuponyoka kwangu unaenda kuiokota kwa jirani wa chini! Sasa mbuzi ikakata kamba, ikashuka huko huko, ikamaliza mboga ya lengalenga ya mama moja anauzishaka ku soko. Nikamwambia mama, pole sana, ipige fimbo. Akakataa! Eti ile ni ya pasta, imeandikwa musiwaguse masihi wangu.

MAPENDO: (anacheka) Zaburi 105! Juu ya mbuzi!

AMANI: Sasa avenyu nzima wanaiita Mutumishi. "Mutumishi iko ku ngazi." "Mutumishi imekula shati ya kwaya." Hakuna mtu anaigusa.

MAPENDO: Basi ngoja, leo tuliandika mambo matano juu ya namna ya kushukuru pasta na familia yake. La kwanza, Wagalatia 6:6, mwanafunzi amushirikishe mwalimu wake mema yote. Mbuzi ni mema yote? Kila mwaka wamama wanamupa pasta shati ya kitenge, kwaya shati, vijana shati, na mtoto wake anafukuzwa ku masomo juu ya minervali, feza ya masomo.

AMANI: Mbuzi si inauzishwa?

MAPENDO: Nani atauzisha Mutumishi?

AMANI: (anacheka) Kweli, watatufunga.

MAPENDO: Mimi nasema bahasha, kimya kimya, ku mikono ya mama pasta. Yeye njo anapikia bugali watu wenye kubisha saa sita ya usiku, na hakuna mwenye kumulipa.

AMANI: Hapana Ya Mapendo, hapo nakataa kabisa. Bahasha ya siri njo inaharibu. Tajiri akileta bahasha usiku, Jumapili pasta atamukemea na mdomo gani? Mbele ya kanisa kila mtu anaona nini imeingia. Ata Marekani wako na mwezi mzima wa kushukuru wachungaji, Oktoba, na hawajifichi.

MAPENDO: Marekani hawana Mutumishi ku ngazi. Sikiliza, ukishika mikro useme fulani dola 50, mjane mwenye kilo moja ya maharagwe ataenda kukaa nyuma. Na mama pasta lazima acheze, acheke, halafu juma nzima watu wanapita kwake wakichungulia kama nyama imeisha. Paulo alishona mahema Korintho, Matendo 18, juu asilemee mtu.

AMANI: Na Paulo huyo huyo, 1 Wakorintho 9:14, wenye kuhubiri injili wapate riziki kwa injili.

MAPENDO: Soma mstari wa 15, Paulo anasema yeye hakutumia ile haki.

AMANI: Mimi nimesimama ku 14.

MAPENDO: Njo shida yako! Na watoto je? Daktari Mukwege, mbele aanzishe hospitali ya Panzi, mbele apate Nobel ya amani ya 2018, alikuwa mtoto wa pasta hapa hapa Bukavu, anafuata papa yake kuombea wagonjwa, na huko njo wazo la kuwa munganga lilitokea. Mtoto anatembea na kazi ya papa yake, nani anamushukuru?

AMANI: Si njo nasema! Mtoto aone papa yake anashukuriwa mbele ya watu.

MAPENDO: Aone minervali imelipwa.

AMANI: Hujanibadilisha.

MAPENDO: Na weye hujanibadilisha. Jambo la pili lilikuwa... eh, kwaya wako ku mlango, wanataka chumba.

AMANI: Mambo matano, tumesema moja!

MAPENDO: Nusu. La pili ni likizo ya pasta, ingine mutasoma wenyewe ku Biblia. Tuandikieni ku WhatsApp: bahasha ao mikro?

AMANI: Mikro.

MAPENDO: Weye huna haki ya kupiga kura. Zima.